Nakatwa asilimia mbili bila kujaza fomu: nijitoe, nijiunge, au nikubali kuwa mwakilishi wa chama shuleni?

Mwalimu wa Kemia

Habari za kazi, walimu wenzangu. Mimi ni mwalimu wa ajira mpya katika shule ya sekondari ya kata, na nimekwisha kuthibitishwa kazini. Tangu mshahara wangu wa kwanza, hati ya mshahara inaonyesha makato ya asilimia mbili yanayokwenda kwa chama cha wafanyakazi, ingawa sijawahi kujaza fomu wala kuulizwa kama nataka kuwa mwanachama. Nilipouliza ofisi ya mhasibu, niliambiwa kwamba walimu wote wanakatwa hivyo, na maelezo yakaishia hapo.

Kilichonifanya niandike leo ni kwamba mwakilishi wa chama hapa shuleni amehama, na walimu kadhaa wananihimiza nichukue nafasi yake kwa sababu wanaona naweza kuandika barua na kufuatilia mambo. Mkuu wa shule alipopata habari aliniita ofisini, akanieleza kwa upole kwamba kijana anayetaka kupanda cheo hujiweka mbali na masuala ya chama. Hakunitisha, lakini maneno hayo yamenikaa kichwani, kwa kuwa bado nina miaka zaidi ya thelathini ya utumishi mbele yangu.

Naomba kujua mambo matatu. Je, makato haya ni halali bila sahihi yangu? Nikiandika barua ya kujitoa, yatakoma? Na uwakilishi huu unaweza kunigharimu kazi au daraja? Wenye uzoefu, pamoja na wakubwa zangu waliostaafu, naomba mnisaidie bila kunificha.

Msoma Sheria

Mwalimu, swali lako la kwanza linajibiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na watu wengi hulichanganya kwa sababu sheria hiyo inazungumzia makato ya aina mbili ambayo kwenye hati ya mshahara yanaonekana kama kitu kimoja.

Aina ya kwanza ni ada ya mwanachama, inayoelezwa katika kifungu cha 61. Mfanyakazi hujaza fomu, ile inayofahamika kwa walimu kama TUF 6, akimruhusu mwajiri kumkata na kupeleka fedha chamani. Ruhusa hiyo anaweza kuiondoa kwa kutoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Aina ya pili ni ada ya uwakala, iliyomo katika kifungu cha 72. Chama kinachotambuliwa kuwa na wanachama wengi zaidi mahali pa kazi kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba wale wasio wanachama nao wakatwe, kwa hoja kwamba mishahara na masharti bora yanayopatikana katika majadiliano yanawafaidisha wao pia. Chama chenye nafasi hiyo kwa walimu wa serikali ni Chama cha Walimu Tanzania, CWT. Kwa hiyo, ikiwa hukujaza fomu, kuna uwezekano mkubwa kwamba unakatwa ada ya uwakala, na hilo halihitaji sahihi yako.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako la pili, na naomba ulizingatie kabla ya kuandika barua yoyote. Barua ya kujitoa inamwondoa mtu katika uanachama, na hapo ada ya uwakala inachukua nafasi ya ada ya mwanachama. Wapo walimu waliohangaika na fomu za kujitoa, wakaona mwezi uliofuata kiasi kilekile kimekatwa, wakadhani wamedhulumiwa. Hata hivyo sheria imeweka mipaka: ada ya uwakala haiwezi kuzidi ada ya mwanachama, fedha zake zinatakiwa kuwekwa katika akaunti tofauti, haziruhusiwi kuchangia chama cha siasa, na mtu asiye mwanachama halazimishwi kuwa mwanachama. Mipaka hiyo ni haki yako kuihoji, na ni walimu wachache mno wanaoihoji.

Kuhusu kazi yako, kifungu cha 9 kinakataza mtu yeyote kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya uanachama wake au kwa kushiriki shughuli halali za chama, na kifungu cha 37 kinaifanya sababu hiyo kuwa batili katika kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 62 kinatambua mwakilishi wa mahali pa kazi, kinampa kazi ya kuwawakilisha wanachama katika malalamiko na mashauri ya nidhamu, na kinamruhusu kupata muda wa kutosha wenye malipo kutimiza kazi hiyo. Mkuu wako wa shule ana haki ya kuwa na maoni yake. Kuyafanya maoni hayo kigezo cha kumpandisha mtu daraja hakuna sheria inayomruhusu.

Mstaafu wa Nyanda za Juu

Nimesoma swali la kijana huyu kwa makini, na majibu ya Msoma Sheria ni sahihi, ila sheria peke yake haimwelezi mtu jinsi mambo yalivyofika hapa. Mimi nilianza kufundisha wakati chama chetu cha wafanyakazi kilikuwa jumuiya ya chama tawala. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa na kuundwa chama kimoja, NUTA, kilichofungamana na TANU. Baadaye kikaja JUWATA, na baada ya hapo OTTU mwaka 1991. Katika miaka hiyo mwalimu hakuwa na chombo chake mwenyewe. CWT iliposajiliwa Novemba 1993, sisi tuliokuwapo tuliiona kuwa ni jambo kubwa, na hadi leo nashikilia kwamba ni jambo kubwa, hata pale ninapokasirishwa na namna chama kinavyoendeshwa.

Vijana wanaposema chama hakijawahi kufanya lolote, huwa nawakumbusha Julai 2012. Madai yalikuwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa walimu wa sanaa, na posho ya asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Mgomo ulianza Jumatatu tarehe 30. Katika shule niliyofundisha, kitabu cha mahudhurio kilikuwa mezani kama kawaida na kalamu juu yake, na hadi saa nne hakuna aliyekigusa isipokuwa mwalimu mkuu na mwalimu mmoja wa mazoezi, ambaye tulikubaliana wenyewe kwamba asihusishwe. Wanafunzi walikaa chini ya miembe bila kujua kama waende nyumbani. Nasema wazi kwamba kuwatazama kuliniuma, na yeyote anayedhani walimu hugoma kwa furaha hajawahi kukaa katika ofisi ya walimu siku kama ile.

Tarehe 2 Agosti, Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliamua kwamba mgomo ulikuwa batili kwa kutofuata taratibu za sheria, ikaamuru turudi darasani. Tulirudi. Baadhi ya wenzetu walipewa barua za kujieleza. Miaka miwili kabla, Mei 2010, TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, ilikuwa imetangaza mgomo wa wafanyakazi wote ikidai kima cha chini cha shilingi 315,000, na Rais Kikwete akazungumza na wazee wa Dar es Salaam akieleza kwamba serikali haiwezi kulipa kiasi hicho. Mgomo ule haukufanyika.

Nimeyaeleza haya kwa sababu moja. Ualimu haumo katika orodha ya huduma muhimu ambazo sheria ya 2004 inazuia migomo, kwa hiyo haki ya kugoma tunayo. Lakini njia ya kuifikia ina hatua nyingi: usuluhishi kwanza, siku za kungoja, kura ya wanachama, notisi, na kwa watumishi wa umma kuna sheria nyingine ya majadiliano ya mwaka 2003 inayoongeza masharti yake. Hatua moja ikirukwa, kesi inaanguka hata kama dai ni la haki. Ndiyo maana chama kinahitaji watu wanaoweza kuandika na kufuatilia, na kijana, ukisikia wenzako wanakusifu kwa hilo, usilichukulie kuwa ni sifa ndogo.

Aliyechoshwa na Fulana

Shikamoo, mzee wetu. Ninakuheshimu kwa uliyoyapitia, lakini naomba nitofautiane nawe kuhusu miaka ya karibuni.

Mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 800,000 anakatwa shilingi 16,000 kila mwezi, yaani shilingi 192,000 kwa mwaka. Zidisha kwa idadi ya walimu wa nchi nzima, uone chama hiki kinashika fedha za kiasi gani. Mwalimu wa kawaida anaona nini kinachorudi? Anaona fulana na kofia siku ya Mei Mosi, na mara nyingine fulana zenyewe hazitoshi. Mwaka 2016 serikali iliposimamisha upandishaji wa madaraja ili kupisha uhakiki wa watumishi, walimu waliokuwa na barua mkononi walirudishwa nyuma, na kwa miaka kadhaa nyongeza ya mwaka nayo haikutolewa. Kikokotoo cha pensheni, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, kilichotoka mwaka 2018 kilishusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, na kilichokizuia Desemba ya mwaka huo ni tamko la Rais Magufuli. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu hapo awali. Katika hatua zote hizo nilikuwa naitafuta sauti ya chama changu, na nilichokipata mara nyingi ni taarifa ya kuipongeza serikali.

Lipo pia suala la ukaribu wa viongozi na mamlaka. Mama Margaret Sitta alikuwa rais wa CWT, na mwaka 2006 akawa Waziri wa Elimu. Simlaumu yeye, kwa kuwa alikuwa na sifa za kazi hiyo, ila mwalimu wa kijijini ana haki ya kuuliza kama kiongozi anayeweza kuteuliwa na mwajiri kesho anaweza kumbana mwajiri huyo leo. Kuna pia miradi: jengo la Mwalimu House pale Ilala, na Benki ya Biashara ya Mwalimu, ambayo hisa zake ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2015. Nimeulizia mara nyingi katika mikutano mwalimu asiye na hisa anafaidikaje na vitu hivi, na sijapata jibu linaloeleweka.

Ushauri wangu kwa Mwalimu wa Kemia ni kwamba asijiunge hadi aonyeshwe taarifa ya mapato na matumizi ya wilaya yake. Kukusanya fedha za watu ambao hawakuombwa ridhaa kunawafanya viongozi wasione sababu ya kuwatafuta. Kama wangelazimika kuja shuleni kutushawishi mmoja mmoja, wangekuja na majibu.

Mwalimu wa Kisii

Nawasalimu kutoka ng'ambo ya mpaka. Ndugu aliyetangulia ameuliza maswali yanayostahili kujibiwa, lakini yaliyotokea Kenya yananifanya niogope pendekezo lake la kukaa nje.

KNUT, chama cha walimu wa Kenya, iliundwa Desemba 1957, na kwa miongo mingi hakuna waziri aliyeweza kuipuuza. Mwaka 1997, chini ya katibu mkuu Ambrose Adongo, mgomo wa mwaka wa uchaguzi uliilazimisha serikali kukubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ambayo utekelezaji wake ulileta mgomo mwingine mwaka uliofuata. Mwaka 2015 mahakama ya kazi ilitupatia nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, serikali ikakataa kulipa, shule za umma zikafungwa kwa wiki kadhaa, na Novemba ya mwaka huo Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi ule.

Kilichokivunja chama hasa hakikuwa kushindwa kule. Mwaka 2019 KNUT ilikuwa na zaidi ya wanachama 180,000. Ukazuka mgogoro kati yake na mwajiri, Tume ya Huduma za Walimu, kuhusu njia ya kuwapandisha walimu vyeo. Baada ya uamuzi wa mahakama wa Julai mwaka huo, tume ikasema kwamba wanachama wa KNUT hawatapata awamu iliyofuata ya nyongeza ya makubaliano ya 2016, ilhali wengine wataipata. Walimu wakaanza kujiondoa kwa maelfu, kila mmoja akiwa na sababu ya kweli nyumbani kwake: karo, mkopo, dawa za mzazi. Makato yakakauka, matawi yakafunga ofisi, wafanyakazi wa chama wakakosa mishahara. Katibu mkuu Wilson Sossion alijiuzulu Juni 2021, na makubaliano yaliyotiwa sahihi mwezi uliofuata hayakuwa na nyongeza ya mshahara hata shilingi moja.

Sisemi hivyo kuwatetea viongozi wetu, ambao nao walikuwa na makosa yao. Ninasema kwamba mwajiri ndiye anayeshika bomba la makato, na siku walimu wanapoondoka mmoja mmoja wakiwa na hasira zenye msingi, anayefaidika ni yeye. Kwa upande mwingine, mwaka 2024 walimu vibarua wa sekondari msingi, wapatao 46,000, waligoma wakidai ajira ya kudumu. Wengi wao walianza kujipanga wenyewe katika makundi ya simu kabla vyama havijasema neno. Mahakama ilikuwa imekwisha kuamua Aprili kwamba mpango ule wa kuwaajiri kama wanagenzi ulikiuka sheria, na Januari 2025 waliingizwa katika ajira ya kudumu. Vijana wale walikuwa na malalamiko dhidi ya vyama kuliko mtu yeyote hapa, na hawakukaa kimya.

Mwakilishi wa Shule

Nimekuwa mwakilishi katika shule ya msingi kwa muda mrefu, na nadhani naweza kujibu swali la tatu, kwa sababu ndilo linalomsumbua kijana.

Mgomo ni sehemu ndogo sana ya kazi hii. Kazi yenyewe ni makaratasi. Nitatoa mfano mmoja. Mwalimu mwenzangu alikuwa miongoni mwa wale ambao barua zao za kupanda daraja zilisitishwa mwaka 2016. Upandishaji wa mserereko ulipokuja kuwafidia waliocheleweshwa, wenzake aliokuwa ameajiriwa nao walipanda na jina lake halikuwamo. Alikuwa amekwenda halmashauri mara nyingi akarudishwa kwa maneno ya mdomo. Tulikaa naye jioni moja, tukapanga barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa, ile barua iliyositishwa, na hati za mshahara za mwaka husika. Tuliandika barua kwa Tume ya Utumishi wa Walimu ngazi ya wilaya kupitia kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mkurugenzi na kwa katibu wa chama wilaya. Nilimsisitizia jambo moja: asiondoke dirishani kabla nakala yake haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani alisema haina haja. Mwalimu akasubiri hadi ikagongwa. Miezi iliyofuata, ofisi iliposema haijawahi kupokea dai lake, tuliiweka nakala ile mezani. Barua ya awali ilionekana imewekwa katika jalada la mwalimu mwingine mwenye jina linalofanana, na daraja lake likarekebishwa.

Mashauri ya nidhamu ni hivyohivyo. Mwalimu anapopewa hati ya mashtaka huogopa, hujibu kwa hasira au hajibu kabisa, na muda unapita. Mwakilishi anayemsaidia kujibu kwa utulivu, kwa maandishi, na kukumbusha kwamba kuna rufaa Makao Makuu ya Tume, amemlinda zaidi ya hotuba yoyote.

Ninamwelewa ndugu wa fulana, na mambo mengi aliyoyasema nimeyasema mimi pia katika mkutano wa wilaya. Lakini niliyasema nikiwa na kadi na haki ya kupiga kura. Anayelipa ada ya uwakala anakatwa kiasi kilekile, na katibu akimwambia swali lake haliwezi kupokelewa kwa kuwa si mwanachama, hana la kujibu. Taarifa ya mapato na matumizi inadaiwa na mjumbe aliyechaguliwa kutoka shuleni, na shule zinazopeleka mjumbe asiyesoma makabrasha ndizo zinazorudi na fulana tu.

Je, kuna gharama? Ipo. Niliwahi kupangiwa vipindi vingi baada ya kuhoji fedha za likizo za walimu, na kuna kiongozi aliyeacha kunisalimia kwa muhula mzima. Daraja langu halikucheleweshwa. Kinachomlinda mwakilishi ni kazi yake ya darasani: maandalio ya somo yawe kamili, mahudhurio yasiwe na doa, na asiwahi kutumia kipindi cha wanafunzi kwa shughuli za chama. Mkuu wa shule mfuatilie kwa heshima, mpe taarifa ya kila barua kabla haijapita mezani kwake. Wengi wao ni wanachama pia, na nao wana madai yao ambayo hakuna anayewaandikia.

Mwalimu wa Kemia

Nawashukuru nyote, na shikamoo kwa mzee mstaafu. Sikujua kwamba nimekuwa nikilipa bila kuwa na kura, na hilo limebadilisha mawazo yangu. Nitajaza TUF 6 mwezi huu, na walimu wakinichagua nitakubali, kwa sharti kwamba wakubali pia tuandike barua ya pamoja ya kuomba taarifa ya fedha ya wilaya, kama alivyopendekeza Aliyechoshwa na Fulana. Nimebaki na swali moja dogo: kikao cha kuchagua mwakilishi kikifanyika, mkuu wa shule anapaswa kuwapo?

Mwakilishi wa Shule

Anaweza kuhudhuria akiwa mwanachama kama wengine, lakini asikiongoze. Mjulisheni katibu wa wilaya tarehe ya kikao mapema ili atume mtu. Andikeni muhtasari wenye majina na sahihi za waliohudhuria, idadi ya kura na jina la aliyechaguliwa, mpeleke nakala moja chamani na nyingine kwa mkuu wa shule, na ya tatu ubaki nayo wewe, ikiwa imegongwa muhuri.

Aliyechoshwa na Fulana

Hiyo barua ya kuomba taarifa ya fedha ikiwa tayari, naomba muiweke hapa ili na shule yetu iandike ya kwake. Fomu ya kujiunga tena nitaichukua siku nikionyeshwa majibu.